Kamera ya kuwapigia picha wavuvi usiku: nina laki nane na nusu, ninunue ipi?

Binti wa Katonga (Kigoma)

Habarini za usiku wakuu. Naomba msinicheke, maana mimi si mpiga picha wa kusomea. Nafanya kazi kwenye steshenari moja pale Mwanga. Tunatoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na Jumamosi bosi ananituma kwenye harusi na sendofu akizidiwa. Hapo ndipo nilipoanza kushika kamera.

Shida yangu haipo ukumbini. Baba yangu mdogo ana mtumbwi wa dagaa Katonga. Tangu nikiwa mtoto naziona zile taa ziwani usiku, zimejipanga kama kuna mji mwingine huko mbele upande wa Kongo, na sijawahi kuona picha hata moja inayoonyesha nini hasa kinafanyika chini ya zile taa. Nimembembeleza baba mdogo miezi mingi (mwanamke kupanda mtumbwi wa dagaa Katonga ni mjadala unaojitegemea, tuuache), na giza lililopita (siku zisizo na mwezi, ndipo wanapovua) akakubali.

Nikaazima kamera ya bosi, Canon 1300D na ile lenzi yake ya 18-55 inayokuja nayo. Nikaweka otomatiki. Taa zimewashwa, watu wametulia wanasubiri dagaa wapande, mimi nabonyeza kitufe, kamera inapiga flashi pa pa pa pa halafu ndiyo inapiga picha. Mzee mmoja akafunika macho. Baba mdogo akasema, bila hata kunigeukia: "Ukiwasha tena hiyo radi yako utarudi nyumbani kwa kuogelea."

Nikazima flashi, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka mwisho, 6400. Nilirudi na picha 214. Nzima ni tatu, na kati ya hizo moja ni ya ndoo. Zilizobaki mkono wa mvuta wavu umekuwa moshi, au uso umetikisika, au taa imeungua ikawa jua na binadamu wote wakawa weusi. Nimeangalia taarifa za picha moja ambayo ningeililia kama ingetoka: lenzi milimita 35, tundu lake f/4.5, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/13. Na chenga kibao, vile vipunje kama mchanga.

Nilijaribu simu pia. Simu inatulia sekunde mbili tatu inajumlisha picha nyingi, lakini mtumbwi haujui kutulia, kwa hiyo watu wanatoka na nyuso za mshumaa.

Sasa nimepokea mchezo, nina 850,000, na hiyo ndiyo yote mpaka zamu yangu irudi. Kuna duka Dar wameniambia nichukue Canon 4000D mpya kabisa ndani ya boksi. Jamaa mwingine anauza 5D Mark II ya zamani, anasema ni fulu fremu (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa), "inaona gizani kama paka". Wa tatu kaniambia kamera ya bosi haina shida, ninunue stendi tu. Nimsikilize nani?

---

Jembe la Harusi (Tabora)

Mkuu chukua 4000D. Kitu kipya kina raha yake na warantii unapewa. Hizi za mtumba unanunua ugonjwa wa mtu. Na stendi usikose, picha za usiku bila stendi ni kujisumbua.

---

Fundi Lenzi (Dar es Salaam)

Dada wa Katonga, karibu. Umeuliza vizuri kuliko wengi, maana umekuja na namba. Nianze na za kukataa.

4000D ni ya 2018 lakini ndani yake ni sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya megapikseli 18 ya ukoo uleule wa kamera ya bosi wako. Gizani hutaona tofauti. Halafu pale lenzi inapofungwa ni plastiki, na kile kiti cha flashi juu hakina pini ya katikati, kwa hiyo flashi nyingi za bei ndogo tunazotumia harusini hazitalipuka. Ukiinunua utakuwa umelipa laki kadhaa kurudi ulipokuwa.

5D Mark II ni kamera ya heshima, sikatai, ila imetoka 2008. ISO yake ya kawaida inaishia 6400, na ukijaribu kuinua sehemu za giza kwenye kompyuta inatoa mistari. Pointi ya fokasi ya kutegemea gizani ni ya katikati tu. Inakula memori ya CF, ile pana, na hapo Kigoma utaitafuta kwa tochi. Na ukishailipa, hela ya lenzi imekwisha. Ungekuwa na milioni na nusu ningekwambia Canon 6D, hiyo pointi yake ya katikati inashika fokasi mahali ambapo wewe mwenyewe huoni. Lakini huna, basi tuendelee.

Ile pa pa pa pa iliyomuudhi baba mdogo haikuwa kamera mbovu. 1300D haina taa yake ya kusaidia fokasi, inatumia flashi yenyewe kumulika mara kadhaa ili ione pa kushika. Ulipoifunga, radi ikaisha, lakini fokasi nayo ikabaki inapapasa. Ndiyo maana nyingine zimetoka na ukungu hata pale ambapo mtu alikuwa ametulia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kamera haina tatizo kubwa, tatizo ni tundu la lenzi. Kwenye milimita 35 hiyo 18-55 haifunguki zaidi ya f/4.5. Namba ikipungua tundu linapanuka. Gawanya 4.5 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 6.25. Maana yake lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara sita ya hiyo. Picha yako ya 1/13 ingepigwa kwa 1/80, ISO ileile, taa ileile, na ule mkono usingekuwa moshi. Hakuna bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya laki nane itakayokupa mara sita. Bodi mpya ikikupa mara mbili shukuru.

Kwa hiyo hela yako igawanye: lenzi kwanza, bodi kwa kinachobaki. Canon EF 50mm f/1.8 STM ni nyepesi, gramu 160, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Weka kwenye Canon 700D ya mtumba uondoke.

---

Mzee wa Kibirizi (Kigoma)

Mimi sijui hizo f. Nimevua dagaa kwa miaka mingi na sasa macho yamechoka, nasoma tu huku kijana wangu akinisaidia kuandika.

Huyo aliyesema stendi hajawahi kulala majini. Stendi inasimama juu ya nini? Juu ya ubao, na ubao uko juu ya maji, na maji yanacheza. Utakuwa umeishikilia kamera imara kabisa kwenye kitu kinachotembea. Stendi ni ya ufukweni, ukitaka zile taa kwa mbali na mstari wake juu ya maji. Hapo sawa, iweke kwenye mchanga, tena iongezee jiwe.

La pili, binti, angalia mahali unapokaa. Wavuvi wa zamani tulikuwa na karabai, mwanga wake wa njano na unatulia. Sasa vijana wana taa za betri, nyeupe kama hospitali. Taa yoyote ile, mtu aliye karibu nayo anaonekana, aliye nyuma hayupo. Usimfuate mtu na kamera. Kaa upande ambao taa inampiga usoni, subiri aje mwenyewe. Wavu ukianza kupanda kila mtu anarudi mahali pake palepale, usiku wote. Ukiangalia mara mbili, mara ya tatu unajua atakuwa wapi.

Na vaa boya. Kamera inanunuliwa.

---

Fundi Lenzi

Shikamoo mzee. Umesema kwa maneno kitu ambacho sisi tunakifundisha kwa hesabu: mtu akisogea kutoka mita 2 mpaka mita 1 karibu na taa, anapata mwanga mara nne. Bure kabisa, hakuna duka linalouza hiyo.

---

Jembe la Harusi

Kumbe ni dada, samahani nilikuita mkuu. Stendi naifuta, mzee kanimaliza. Sisi huku Tabora maji yetu hayana mawimbi ya kututingisha.

Ila Fundi, hiyo 50mm ndani ya mtumbwi? Ninayo na naipenda, lakini kwenye kamera zetu za sensa ndogo inabana kama 80. Kanisani narudi nyuma mpaka naegemea mlango. Kwenye mtumbwi atarudi nyuma aende wapi?

---

Fundi Lenzi

Jembe, hapo umenishika pabaya na nakubali. Nimejibu kama mtu wa ukumbini.

Dada, fanya hivi kabla hujatoa shilingi. Nenda mchana, mtumbwi ukiwa umevutwa mchangani. Chukua ile 18-55, iweke kwenye 50, ibandike selotepu isizunguke. Kaa palepale ulipokaa usiku ule, mwombe mtu akae anapokaa mvuta wavu, piga. Halafu 35. Halafu 24. Macho yako yatakwambia ununue lenzi gani, wala hutamhitaji fundi.

Ikiwa ni 50, kaa Canon. Ikiwa 24, Canon wana ndogo nyembamba ya EF-S 24mm lakini ni f/2.8, mwanga wake haufiki hata nusu ya f/1.8. Na ikiwa ni 35, hapo ndipo nitakushauri uhame ukoo. Kwa sensa ndogo Nikon wana AF-S DX 35mm f/1.8G, ya tangu 2009, gramu 200, ya mtumba imejaa. Upande wa Canon 35 yenye tundu kubwa ama ni ya zamani sana ama inauma mfuko.

---

Binti wa Katonga

Shikamoo mzee wa Kibirizi. Nimekusoma mara tatu. Fundi, Jembe, asanteni.

Nimefanya la selotepu leo mchana. Watoto wote wa Katonga wamejaa kuniangalia, wengine wamekaa kwenye mtumbwi wanajifanya wanavuta wavu, kwa hiyo nilikuwa na wavuvi wengi kuliko hata usiku.

50: napata uso. Uso mzuri, lakini ungeweza kuwa uso wa mtu anayesubiri basi. 24: napata kila mtu na mbao na ndoo na goti langu. 35: napata uso, mikono yote miwili na kipande cha kamba kinachoingia majini. Nilichokuwa nakitafuta ni hicho. Tena nikakumbuka ile picha ya kuililia ilikuwa 35, niliifikia mwenyewe bila kujua.

Sasa nahama ukoo? Bosi ana betri za Canon, chaja, flashi mbili. Nikienda Nikon siwezi kuazima kitu.

---

Mama Studio (Kasulu)

Mdogo wangu, nimekaa kimya nasoma. Usichague kamera kwa sababu ya kuazima. Nilikaa miaka minne na kamera ya kuazima ya mtu mwingine, siku aliyohitaji chaja yake mimi nilikuwa na harusi. Chako ni chako.

Ukienda Nikon angalia kitu kimoja ambacho mimi kilinigharimu. D3200, D3300, D5200, D5300, zote hizi hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Mota iko kwenye lenzi. Muuzaji mmoja Dar aliniuzia 50mm f/1.8D kwa bei ya kuchekesha, nikafurahi njia nzima kwenye treni, nimefika nyumbani lenzi haifokasi mpaka uzungushe kwa mkono. Haikuwa mbovu, ilikuwa ya bodi kubwa kama D7000 au D7100. Kwa hiyo lenzi iandikwe AF-S. Herufi zote mbili, na S yake.

Mimi ningekuchagulia D5300. Ni ya 2013, megapikseli 24, ISO inafika 12800 kabla hujailazimisha, na kioo chake kinafunguka na kugeuka. Kwenye mtumbwi hicho kioo utakishukuru, maana kuna muda unataka kamera iwe chini kabisa karibu na wavu na wewe kichwa huwezi kukiteremsha. (Ila fokasi kwa kioo ni ya polepole gizani. Ukiwa na haraka tumia tundu la jicho.)

---

Fundi Lenzi

Namuunga mkono Mama Studio kwa kila neno. Ukipata D5300 uniambie tuikague kabla ya kulipa. Hapa Kariakoo unaweza kumtuma mtu, lakini ampe muuzaji masharti haya. Apige picha ya anga jeupe kwa f/16: vidoa vyote vya vumbi kwenye sensa vitajitokeza. Afunge mfuniko wa lenzi, apige giza tupu ISO 6400: madoa mekundu na meupe yanayong'aa ni pikseli mbovu, moja mbili si neno, yakiwa kama nyota za mbinguni akimbie. Amulike tochi ndani ya lenzi kutokea nyuma: uzi kama wa buibui ni ukungu, na ukungu unakua, hasa ninyi mnaokaa kando ya ziwa. Na Nikon inaandika hesabu ya shata (imeshapiga picha ngapi) ndani ya picha yenyewe, atume picha moja ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera nami nitaisoma.

Moja dogo. Hiyo lenzi ikija na kioo cha filta mbele, usiku kivue. Taa ikiwa ndani ya picha, filta ya bei rahisi inazaa taa ya pili ya kijani hewani, halafu utasema ziwa lina mashetani.

---

Binti wa Katonga

Nimerudi. Samahani kwa kimya, mwezi ulikuwa mpevu na mitumbwi imekaa ufukweni, sikuwa na la kusema.

Nilipata D5300 bodi tupu 520,000, shata 31,000 na kidogo (asante Fundi kwa kuisoma), na hiyo 35 kwa 270,000. AF-S, nimehakikisha S yake, Mama Studio. Zimekuja kwa basi zimefungwa ndani ya kanga mbili za shangazi. Hela iliyobaki nimenunua betri ya pili na ndoo ya lita kumi yenye mfuniko wa kubana. Ndoo ndiyo begi langu la kamera. Ikianguka majini inaelea, nimeijaribu na matofali.

Tumeingia juzi. Nimezima ile taa ndogo ya kusaidia fokasi kwenye menyu kabla hata hatujatoka nchi kavu, nikamwonyesha baba mdogo kwamba imezimwa. Nikaweka manyuo (naseti mwenyewe kila kitu): f/1.8, 1/80, ISO 6400, nikapiga RAW, yaani picha ghafi. Fokasi pointi ya katikati, naielekeza pale ukingo wa shavu unapokutana na giza, inashika. Nikielekeza kwenye shavu lenyewe inahangaika. Kwenye f/1.8 macho yakiwa safi masikio tayari yana ukungu, kwa hiyo mtu akinisogelea ghafla nimemkosa. Hilo bado linanishinda.

Nilikaa nyuma kulia, taa inawapiga usoni, nikasubiri kama mzee alivyosema. Mara ya kwanza wavu unapanda sikupiga kitu. Mara ya pili nikapiga kumi hivi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajua kwamba kuna sekunde moja, wavu ukishatoka juu, wote wanasimama kuvuta pumzi kabla ya kuumimina. Hapo hata 1/60 inatosha. Taa imeungua, ndiyo, nimeiacha iungue, uso ndio niliopimia mwanga.

Picha 160. Nzuri ni ishirini na mbili, na ndoo haimo. Chenga zipo, ila ukichapa kwenye karatasi zinapotea, ni kwenye kioo cha kompyuta ndipo zinakukodolea macho. Rangi ndiyo ilinisumbua: mtumbwi wetu una taa nyeupe, wa jirani bado ana karabai, basi nusu ya picha bluu na nusu njano. Nilijaribu kurekebisha kwenye Darktable (programu ya kuhariri picha) nikaacha. Ndivyo ziwa lilivyo sasa.

Baba mdogo amechagua moja anataka nimchapie A4 aiweke sebuleni. Yeye yuko mbele, kamba mkononi, magamba ya dagaa yanang'aa mpaka kwenye nyusi. Ila anasema kwanza nimfute kijana wa nyuma, aliyesinzia huku ameshika kasia. Nimemwambia kijana hafutiki. Amesema basi A4 aiweke chumbani.